Miguu ya Wapagazi Njia ya Ziwani

Wajukuu wangu wakirudi shuleni huniuliza kama niliwahi kuona treni. Nawaambia sijaiona, hapa kwetu haijafika, na kwa jinsi ninavyowajua watoa ahadi, siingoji. Lakini mizigo nimeiona. Nimeona mizigo ikipita kuliko mtu yeyote aliye hai kijijini hapa, na yote ilipita juu ya vichwa na mabega ya watu.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Maposeni, kando ya njia iliyotoka boma la Songea kwenda Ziwa Nyasa. Nikisema njia usifikirie barabara. Kilikuwa kipito cha mtu mmoja, na mvua zikinyesha nyasi zilikifunika kabisa. Hapo ndipo Wajerumani walipopitishia kila walichokitaka: chumvi, majora ya nguo, misumari, mabati, masanduku ya chupa ambazo hatukuwahi kujua zina nini. Mara moja vilipita vipande vya chuma vya meli, na watu wamejikusanya chini yake kama siafu waliompata panzi. Kutoka ziwani kurudi pwani ulipita mpira wa porini, nta, mchele, na pembe za ndovu zilizofungwa matambara nchani zisimchome mtu aliye mbele.

Kabla ya vita vya Maji Maji wapagazi walipita wakiimba. Aliyetangulia alipuliza pembe, na sisi tulimsikia akiwa bado ng'ambo ya bonde. Baada ya vita walipita kimya. Ulichosikia ni fimbo zikigonga mawe, kikohozi, na askari wa nyuma akitukana. Siku nyingi hakikupita kitu hata kimoja, na njia ililala hapo kama kamba iliyosahauliwa. Nilizichukia siku hizo kuliko zile za msafara.

Wakati mmoja walipita wazungu wawili wenye mnyororo wa kupimia na fito zilizopakwa rangi. Walipigilia vigingi mpaka karibu na shamba letu. Mkalimani wao akatutangazia kwamba hapa litapita gari la moshi kutoka Kilwa hadi ziwani, na hakuna mwanamume atakayebeba tena. Mama mkwe wangu alingoja wapotee mlimani, akang'oa kigingi kilicho karibu na mlango, akakitia jikoni.

"Moshi tumeupata," alisema huku akipuliza. "Gari watalileta wenyewe."

Huyo mama mkwe ndiye niliyeishi naye miaka ile. Alikuwa mfupi, mkali, na kwa ulimi hakuwa na mpinzani. Wengine husimulia visa vya mama wakwe. Mimi vyangu sina. Tulipendana, na sijui tungeishije kama tusingependana, maana tulibaki wawili tu ndani.

Mume wangu alichukuliwa baada ya vita vya Maji Maji. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kunyongwa bomani, vihenge vyetu vimechomwa na chakula ndani, na wanaume waliobaki walikuwa na kazi moja tu, kubeba. Askari walikuja asubuhi wakakusanya kila mwenye mabega. Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe. Hawakumpa nafasi ya kumaliza. Aliniambia, "Naenda Kilwa, nitarudi. Usimwache mama peke yake." Basi. Mtu anatumwa pwani kwa miguu na anakuaga kama anayekwenda kisimani.

Wenzake walirudi kabla ya mvua, yeye hakurudi. Walisema aliugua homa huko pwani, wakamwacha amelala bandani. Mmoja alisikia kwamba amekufa, mwingine alisikia kwamba amepona na kupelekwa kazi nyingine. Nilimwuliza kila mmoja kama aliona kaburi. Hakuna aliyeliona.

"Basi msiba haupo," alisema mama mkwe, na kwake mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa kaka mkubwa wa mume wangu hayakuishia. Kwetu mtu akifa, wa nyumbani kwake hunyolewa nywele na kufungwa kamba ya gome shingoni. Nafaka ikipatikana hupikwa pombe, watu hunywa, matanga yanakuwa yamekwisha. Hapo mjane huhamia kwenye ua wa ndugu wa marehemu, na ndugu huyo humwoa. Matanga yasipomalizwa, kila kitu huganda: shamba halina mwenyewe, mke si mke wala si mjane. Shemeji yangu alitaka yamalizwe. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na watoto wake wenye njaa, na alikuwa amechoka kugawa kidogo alichonacho katika nyumba mbili. Lakini mimi sikumtaka. Nilimtaka mume wangu, na nilimtaka akiwa hai.

"Nikiwa bado napumua," mama mkwe alimwambia mwanawe huyo mkubwa, "hakuna wembe utakaomgusa huyu unayetaka kumrithi. Nifukieni kwanza, halafu mfanye mtakalo."

Kwa hiyo nikawa mtazamaji wa misafara. Nikisikia fimbo zinagonga mawe huko juu niliacha jembe, nikachukua kibuyu cha maji, nikaenda kusimama kando ya njia. Maji yalikuwa kisingizio. Askari hawakuwaruhusu kutoka kwenye mstari, ila mtu aliyekuwa akipita aliweza kupiga funda moja bila kusimama.

Mara ya kwanza nilifanya kosa la kutazama nyuso. Mtu aliyebeba hana uso. Sanduku limekaa juu ya ngata, mkono umelishikilia, shingo imeingia ndani, na unachokiona ni kidevu na jasho. Kwa hiyo nikajifunza kutazama miguu. Mume wangu alizaliwa na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikiwa kimempanda mwenzake. Tulimtania sana kwa hicho kidole. Sasa nilikitafuta katika kila msafara: miguu inapita, inapita, yenye vumbi, yenye vidonda, iliyofungwa majani, na mimi nimeinamisha macho kama mtu aliyeangusha sindano. Wa pwani na wa Tunduru wengi walivaa makubadhi ya ngozi. Hao niliwaruka. Mtu wa kwetu alitembea peku.

Mama mkwe alinipokea kila mara kwa swali lile lile: "Wamebeba nini leo?" Hakuuliza kama yumo. Nilimwambia chumvi, nilimwambia nguo, naye akaguna na kusema hao wazungu hawashibi chumvi. Nafikiri alijua kwamba kama angeuliza lile jingine ningelia.

Alifariki katika miezi ya njaa, wakati tulipokuwa tunachimba mizizi porini na kuichemsha mara mbili ili isituue. Kifua kilimbana, akalala, hakuamka. Alizikwa na watu wachache wasio na nguvu za kulia. Mimi, mkwe wake niliyekuwa naye ndani, nilinyolewa wa kwanza. Wembe ulikuwa butu. Nikafungwa kamba ya gome shingoni, nikarudi katika nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza wamebeba nini.

Shemeji alingoja kwa adabu, sikatai. Ulezi ulipoanza kukomaa ndipo alipokuja kuketi mlangoni.

"Shemeji," alisema, "mwaka huu tutapata ulezi kidogo. Siwezi kupika pombe mara mbili. Tutapika moja, tumlilie mama na tumlilie ndugu yangu pamoja. Kisha utahamia kwangu."

Mtu aliyekuwa akinijibia alikuwa ameshazikwa.

Siku zile za kungoja ulezi ulipita msafara mkubwa kwenda ziwani. Nilikwenda kusimama kama kawaida, kichwa kikichomwa na jua kwa kuwa nywele zilikuwa hazijaota. Walibeba mabati, mzegazega, watu wawili kwa mti mmoja, na bati likilia kila wakikanyaga. Nilitazama miguu mpaka wa mwisho. Karibu wote walikuwa na makubadhi. Kuna mahali mstari ulisita kidogo, askari akapiga kelele, ukaendelea. Nilirudi shambani nikiwa nimechoka mno, nikajiambia kwamba huo ndio mwisho, sitakwenda tena.

Nilikwenda tena, bila shaka. Wapagazi wale wale walirudi kutoka ziwani wakiwa watupu, na watu wasio na mizigo huruhusiwa kupumzika. Mmoja wao, Myao wa Tunduru, mtu mzima mwenye kofia iliyochakaa, alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa. Kisha akaniangalia kichwa.

"Pole na msiba, dada yangu," alisema. "Mungu amrehemu mumeo."

"Nani kakwambia mume wangu amekufa?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mumeo mwenyewe, wallahi. Nilikupa pole ili nisikie utajibu nini. Tulikuwa mti mmoja mimi na yeye. Mimi mbele, yeye nyuma."

Nilikaa chini. Yeye naye akachuchumaa, akanieleza polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Mume wangu alikuwa amepona homa na kushikiliwa kwa kazi za pwani. Njia pekee aliyoipata ya kurudi ilikuwa kubeba mzigo wa ziwani. Alipanga aufikishe, maana askari hawamruhusu mtu kuacha bati lao njiani, kisha wakirudi watupu aingie nyumbani.

"Tulipofika hapa nikaona mti umenivuta nyuma," alisema. "Nikajua mwenzangu amesimama. Nikamwambia twende, utachapwa. Akaja. Tukafika kambini. Huko ndipo akaniuliza, 'Umemwona yule mwanamke mwenye kibuyu? Ni mke wangu. Wamenyoa. Wameshanizika.'"

"Alivaa nini miguuni?"

Sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza.

"Makubadhi. Njia ina miiba, dada, sote tulivaa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Yeye alitazama kichwa changu, mimi nilitazama miguu yake, tukapitana karibu kiasi cha kushikana mikono.

"Kwa nini hakuniita?"

"Angeita vipi? Alisema mtu ambaye watu wameshanyoa kwa ajili yake akirudi anawavunjia nyumba. Alisema kaka yake atakuwa amekuchukua, na ni haki yake. Mimi nilimwambia rudi ukaulize, Mungu hapendi dhana. Akaniambia ninyi Wayao hamjui mambo yetu." Alitingisha kichwa. "Amebaki ziwani. Anapakua mashua."

Nilikasirika. Watu hudhani ningefurahi, na furaha ilikuja, lakini iliyotangulia ni hasira. Mimi nimesimama juani misimu yote hiyo, na yeye akatoa hukumu kwa kutazama kichwa mara moja! Nilitamani kumpata ili nimtukane kwanza.

Nilikwenda kwa shemeji. Nilimkuta ameloweka ulezi wa kimea. Nikamweleza kila kitu.

"Habari za wapagazi," alisema. "Wenzake walituletea ngapi?"

"Nipe muda mpaka nirudi kutoka ziwani."

"Kimea kinaota. Kikishaota nitakianika, nitakisaga, nitapika. Siwezi kukitupa wakati watu wana njaa. Na pombe ikinyweka matanga yamekwisha, shemeji. Ukija na mtu baada ya hapo, utakuja na mtu ambaye hayupo."

Msafara uliofuata ulikuwa na magunia ya chumvi, na mnyapara wao alikuwa amepungukiwa na mtu, kaugua bomani. Nikamwambia nitabeba mimi. Alicheka. Nikainama, nikaliinua gunia, nikaliweka kichwani, nikasimama mbele yake. Mwanamke wa kwetu hubeba maji, kuni na mtoto kwa pamoja tangu hajavunja ungo; nani alimwambia chumvi ni nzito kuliko hivyo? Akanionyesha mahali pangu kwenye mstari.

Nilidhani naijua misafara, kwa kuwa nimeitazama sana. Sikujua lolote. Ukiwa ndani ya mstari huoni nchi. Unaona visigino vya aliye mbele yako, vinapanda na kushuka, na shingo inakuuma mpaka unasahau kwamba una kitu kingine mwilini. Chumvi ilivuja kwa jasho ikaniwasha ngozi ya kichwa ambayo nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua. Kila kambi nililala kama gogo. Lakini miguu haikukataa, kwa sababu nilikuwa na maneno ya kurudia. Mimi si mjane. Hakuna aliyekunyolea. Matanga yako hayajaliwa, twende nyumbani. Niliyasema kwa mwendo wa hatua, nikiyageuza, nikitafuta lipi nianze nalo ili aone aibu, na lipi nimalizie nalo ili acheke. Mpagazi wa nyuma yangu aliniuliza nasali sala gani isiyokwisha.

Milima ikaisha, tukateremkia kwenye joto la ziwa. Mashua zilikuwa zimevutwa mchangani na watu wameingia majini mpaka kiunoni wakipokezana mizigo. Nilitua gunia mahali nilipoonyeshwa, nikaanza kutafuta. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, ameketi juu ya gogo akivua makubadhi yake kuyakung'uta mchanga. Kidole kile kilikuwa pale pale.

Alipoinua macho alisimama haraka, akarudi nyuma hatua. Nilisahau matusi yote niliyomwandalia.

"Mimi si mjane," nilisema. "Hakuna aliyekunyolea. Matanga yako hayajaliwa. Kaka yako hajanigusa."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti, akashika magoti, akasema, "Mimi mjinga, mimi mjinga kabisa," na wapakuzi wakageuka kututazama, nami nikacheka pamoja naye. Sijawahi kuchoka kama siku ile na sijawahi kucheka kama siku ile.

Kicheko chake kilikatika katikati. Alikuwa ananitazama kichwa, na ile kamba ya gome shingoni mwangu.

"Sasa ulinyolewa kwa ajili ya nani?"

Nawaapia, njia nzima sikuwa nimelifikiria hilo. Milima yote ile, gunia lote lile, nilijua kwamba ninampelekea mume wangu habari njema. Nilimlilia mama mkwe, nilimzika kwa mikono yangu, lakini katika maneno yale niliyoyapanga hatua kwa hatua hakuwamo hata mara moja.

"Nyumbani mlikuwa wawili tu," alisema taratibu.

Nikainamisha kichwa.

Aliketi mchangani. Hakulia. Aliuliza kama mama yake alikuwa mgonjwa, nikamwambia kifua. Aliuliza kama kulikuwa na chakula, nikamwambia hakikuwapo. Aliuliza kama naye aliamini kwamba mwanawe amekufa, nikamwambia hapana, hakuamini hata siku moja, na hilo ndilo lililomliza. Mnyapara alikuja na kiboko chake, akatutazama, akaenda kuwafokea wengine.

Tulirudi na msafara uliokuwa unakwenda bomani mtupu. Tulipofika, shemeji alikuwa hajapika pombe. Alimkumbatia ndugu yake, akasema mvua imemharibia kimea alipokuwa amekianika, ikabidi aanze upya. Hapakuwa na dalili ya mvua popote. Tulipika pombe moja, ya mama peke yake, na mume wangu alinyolewa mbele ya watu.

Nilikaa naye mpaka uzee. Alikuwa mume mzuri, mwenye maneno machache kuliko zamani, na tulizaa watoto ambao wamekwisha kumzika baba yao na sasa wananingoja mimi. Tulizungumza mambo mengi uso kwa uso na mengi zaidi tukiwa shambani, tukapatana na tukagombana. Lakini mpaka alipokufa hakuwahi kuniambia kwamba siku ile kule ziwani alifurahi kuniona, na mimi, niliyemfikia na kifo cha mama yake kichwani, sikuweza kumwuliza.